Mke wa Baraza

Usiniambie wivu ni dhambi. Fungua Kutoka, mlango wa ishirini, utamkuta Mungu mwenyewe akisema yeye ni Mungu mwenye wivu, na sijasikia mtu amempeleka kwa mchungaji aombewe. Mimi Nduta ni nani basi nisiwe nao?

Bwanangu, Gerishon Gathogo, alikuwa afisa wa mipango hapa Eldoret. Miaka ile baada ya njaa ya themanini na nne alipewa kazi ya kuandaa mpango wa ardhi wa wilaya moja ya jangwani kule kaskazini, wilaya kubwa kiasi kwamba ukiilaza juu ya Uasin Gishu huoni hata ncha ya Burnt Forest ikichungulia. Mpango wa miaka ishirini. Wapi mifugo ilishe, wapi pachimbwe visima, wapi pawe na soko na shule, wapi paachwe vile Mungu alivyopaacha. Sisi wenyewe pale mtaani Munyaka tulikuwa na ploti ndogo, duka mbele na vyumba nyuma, na hata choo tulishindwa kukubaliana kikae upande gani. Lakini mzee wangu alikuwa anapanga jangwa.

Hilo sikulionea wivu. Niliyemwonea wivu ni Aketch.

Aketch alikuwa afisa wa maji, msichana mrefu kutoka Siaya, hana bwana, hana mtoto, na kila mwezi alipanda Land Rover moja na Gathogo wakaenda huko kwa kazi. Gathogo akirudi, midomo imepasuka kwa jua na vumbi limeingia mpaka masikioni, namwekea irio, viazi vya kuponda vya kwetu, na badala ya kusema asante anaanza. Aketch amesema kisima cha pale kitatoa maji ya chumvi. Aketch ametembea mtoni tangu asubuhi na hakulalamika. Aketch anajua majina ya nyota. Siku moja nikamwambia, "Baba Nyakio, hizo waru unazokula zimepondwa na Nduta. Kama Aketch anajua jiko kama anavyojua nyota, hamia huko." Akacheka. Mwanamume akicheka mahali pa kukana, wewe mwanamke kaa macho.

Basi Jumamosi moja Johnstone, dereva wa ile Land Rover, akaja dukani kununua sigara. Johnstone ni mtu wa Maragoli, na mdomo wake hauna breki. Nilikuwa na jirani yangu Rael Chepngetich, ameniletea maziwa ya kuuza. Johnstone akaniangalia, akatabasamu peke yake.

"Nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu, Mama Nyakio."

"Johnstone, hiyo hakuna kitu yako ina mkia, nauona. Keti hapo."

Nikamwekea chai na maandazi. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshamwaga yote. Kule jangwani, akasema, wazee hawamwiti Aketch afisa wa maji. Wanamwita mke wa Gathogo. Akina mama wamemvisha ushanga. Wamewajengea kibanda.

"Kibanda!"

"Tulia, Mama. Kibanda analala Aketch peke yake. Sisi wanaume tunalala kwa gari, haki ya Mungu. Mimi ndiye shahidi, huyo bwana yako anakoroma."

"Na Gathogo anakubali aitwe hivyo?"

Johnstone akaramba sukari vidoleni. "Hakatai."

Rael alikuwa anafunika mtungi wake. "Wazee walisema lisemwalo lipo," akasema polepole, "na kama halipo, laja." Nilitamani kumtupia jiwe la mizani.

Gathogo aliporudi jioni ile sikungoja avue viatu. "Baba Nyakio, hongera. Nasikia umeoa."

Hakujifanya hajui. Hilo nampa. Alikaa juu ya kreti ya soda, akajifuta uso, akanieleza kama mtu anayeeleza ramani.

Kuna mto huko, akasema, unaitwa Nakwamor. Kando yake kuna ukanda mrefu wa nyasi. Mwenyekiti wa chama wa upande ule anautaka, azungushe waya awe na ranchi yeye na marafiki zake wa Nairobi, na huko maofisini anasema ardhi ile ni ya bure, haina mtu. Gathogo kwenye mpango wake ameuchora kuwa malisho ya mwaka mbaya, ambayo hayagawiwi mtu yeyote. Lakini DC, mkuu wa wilaya, hawezi kupitisha mpaka wazee waseme hivyo kwa sauti moja barazani. Na wazee, siku ya kwanza kabisa, walimuuliza: wewe unayetuambia habari ya miaka ishirini, nyumba yako iko wapi? Kwao, mtu asiye na nyumba nyuma yake hapewi neno la ardhi. Mtu peke yake kesho ameondoka, sasa akishaondoka ataulizwa nani?

"Nikawaambia nina mke. Wakauliza, ni huyu? Aketch alikuwa ameketi kando yangu. Na mtu wa mwenyekiti alikuwa hapo, anangoja niseme huyu si mke wangu, aseme basi natangatanga jangwani na wasichana."

"Ukasema nini?"

"Nikanyamaza."

"Na Aketch?"

"Naye akanyamaza."

Ngai! Hapo ndipo moto uliponishika. Mwanamume kunyamaza naelewa, ndiyo dawa yao ya kila ugonjwa. Lakini msichana amesoma, ana mshahara wake, anaitwa mke wa mtu mbele ya watu wote, halafu ananyamaza? Kwa nini asiseme hapana? Neno lenyewe ni fupi.

"Baraza la mwisho ni lini?"

"Alhamisi."

"Tutaenda wote. Wamwone mke mwenyewe."

"Mama Nyakio, hapana." Akasimama. "Ukitokea sasa, mimi ni mwongo. Na kwa wale watu, anayedanganya juu ya nyumba amedanganya juu ya nyasi pia. Mwenyekiti atachukua mto, na mwaka mbaya ukirudi watakufa. Nakuomba ukae."

"Nikikaa, mimi nachukuliwa nini?"

Akaenda kuoga.

Waliondoka na Land Rover yao. Mimi nikamwachia Rael duka na binti yangu Nyakio, nikafunga kitambaa changu cha akina mama wa kanisa, nikapanda lori la viazi kutoka Burnt Forest lililokuwa linakwenda kaskazini. Safari hiyo siisimulii, mgongo wangu utaanza kuuma. Lakini ujue njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno yangu. Nitasimama barazani, nitasema: mimi ndiye mke wa Gathogo kwa ndoa ya kanisa, huyu hapa ni mwizi, na huyu mwanamume amewadanganya. Halafu nirudi zangu na lori. Nilikuwa nayasema kwa sauti, mpaka utingo akaniuliza kama naomba.

Asubuhi ya baraza lori likaniteremsha kwenye maduka mawili ya mabati katikati ya mchanga. Palikuwa na mama mmoja mzee anauza tumbaku, anaitwa Mama Nakiru, na Kiswahili alikuwa nacho kwa sababu aliwahi kuishi Kitale. Nikamwambia natafuta baraza, mimi ni mtu wa Gathogo kutoka Eldoret.

"Dada yake?"

"Mtu wake."

Akaniangalia kuanzia kitambaa mpaka viatu, akafunga tumbaku yake, tukaenda pamoja. Njia ilipita kando ya ule mto mkavu, na hapo ndipo nilipoziona nyasi. Mimi ni mtoto wa mkulima. Nilisimama nikashika kiuno. Nyasi zilinifika magotini, zimekauka vizuri, zinaenda mpaka macho yanachoka, na ndani yake hakuna ng'ombe, hakuna mbuzi, hakuna hata kinyesi.

"Yote haya na hakuna mtu!" nikasema. "Kwetu hapa pangekuwa na ng'ombe wa maziwa na ua wa waya kutoka zamani."

Mama Nakiru hakukasirika. "Kwenu ukikuta ghala limefungwa, unasema halina mwenyewe?"

Nikachuma unyasi mmoja, nikauzungusha kidoleni.

"Hapa pamefungwa na wazee. Hata ng'ombe wangu akiingia, napigwa faini. Panafunguliwa wakati kila mahali pengine pameisha." Akanionyesha kwa fimbo mti mmoja wa miiba ng'ambo. "Ile njaa, tulikuwa pale. Nilikuwa na wajukuu watano. Wazee walipofungua nyasi, maziwa yakarudi kidogo. Wawili walipona."

Akaendelea kutembea. Nikamfuata.

Baraza lilikuwa mtoni, kwenye mchanga wenyewe. Wazee wameketi juu ya vigoda vyao vidogo, akina mama nyuma, DO aliyetumwa na DC kwenye kiti kimoja cha ofisi, bendera imechomekwa kando yake. Kando pembeni vijana wanachoma mbuzi wa baraza. Nikaketi katikati ya akina mama, shuka ya Mama Nakiru kichwani, na Gathogo hakuniona.

Nikamwona Aketch. Ushanga shingoni, kweli, na ulimfaa, kwa nini nidanganye. Alikuwa ameketi nyuma kidogo ya Gathogo, ameshika pembe za ramani upepo usiichukue. Gathogo alikuwa anaeleza, jasho linamtoka. Katikati ya maneno akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, bila kuomba, na chupa ya maji ikawa mkononi mwake. Akanywa, akairudisha vilevile, na mkono mwingine ukaipokea. Mimi nimemlisha mtu huyu tangu ndevu zake zikiwa chache. Sijawahi kupata mkono wake ukiniamini hivyo. Wivu ulinipanda mpaka nikatema mate kwenye mchanga.

Nikasema moyoni, sasa nasimama.

Lakini mwenyekiti akanitangulia. Mtu mnene, koti zito kwenye jua lile, beji ya chama kifuani. Akaongea lugha yao, na Mama Nakiru akanitafsiria sikioni.

"Anasema: wazee, mnasikiliza mtu gani? Nimeuliza Eldoret. Huyu mwanamke si mke wake. Ni mtu wa kuajiriwa, anampimia maji. Mtu huyu hana nyumba kwenu wala kwao. Amewadanganya juu ya mke, atawadanganya juu ya nyasi. Anasema ana ushahidi, na Gathogo akane kama anaweza."

Wazee wakamgeukia Gathogo. Gathogo akainamia ramani.

Yale yalikuwa maneno yangu. Yangu kabisa, nimeyabeba juu ya viazi kutoka Eldoret, na sasa yako mdomoni mwa yule mtu, anayatafuna na kutabasamu. Ningesimama tu niseme ndiyo, ni kweli, na kazi ingekwisha. Aketch angevuliwa ushanga mbele ya watu. Mungu ananijua, nilitaka sana kuuona ushanga ule ukitoka. Lakini yule mwenyekiti alikuwa anamcheka bwanangu. Kumcheka Gathogo ni kazi yangu, sijampa mtu. Na kando yangu Mama Nakiru alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, anatazama upande wa nyasi.

Nikasimama, nikavua shuka.

"Mimi ni Nduta," nikasema. "Mke wa Gathogo. Wa ndoa ya kanisa."

Gathogo alinitazama kana kwamba nimetoka chini ya mchanga. Mwenyekiti akapiga makofi. "Mnaona? Mnaona wenyewe?"

"Wewe ngoja, sijamaliza," nikamwambia. "Mimi ni mke mkubwa. Huyu hapa ni mdogo. Sasa mwenyekiti wa chama anatafuta nini ndani ya nyumba yangu? Kwani kadi ya chama ni ufunguo wa chumba cha watu?"

Mama Nakiru akatafsiri, na nadhani aliongeza chumvi, maana akina mama walicheka mpaka wakashikana. Hata DO akaficha mdomo. Nilijiona mtu mkubwa sana wakati huo. Nasema ukweli, nilifurahia.

Lakini mzee mmoja hakucheka. Alikuwa mwembamba, jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho, na wengine wote walinyamaza alipoinua mkono. Akauliza jambo fupi.

"Anauliza, umempokea?" Mama Nakiru akaninong'oneza. "Hapa mke mkubwa anampokea mdogo kwa mkono wake, watu wakiona. Unakata nyama ya kidari, unamwekea mdomoni. Akila, ni wa nyumba yenu. Hakuna mtu anaweza tena kusema si mke."

"Hata mimi?"

"Wewe kuliko wote. Na kama hujampokea, basi si mke, na mwenyekiti amesema kweli."

Nikafikiri haraka, na nilifikiri kama mtu wa Munyaka. Kwetu kitu kisicho na cheti na mhuri hakipo. Cheti cha ndoa ninacho nyumbani, kimefungwa kwa nailoni. Kipande cha mbuzi kitanifanya nini? Hawa watu watapata nyasi zao, mwenyekiti atapata aibu yake, sisi tutarudi Eldoret, na huyu msichana nitamwambia avue ushanga kabla hatujafika Kitale. "Leteni kisu," nikasema.

Wakaleta kidari chote juu ya majani, mafuta yanachuruzika. Gathogo akasema kwa Kikuyu, polepole, "Nduta, si lazima ufanye hivi." Nikamjibu kwa Kikuyu hichohicho, "Si ulitaka mto? Nyamaza, wewe si umezoea."

Nikakata kipande kizuri. Nikamfuata Aketch. Alikuwa ameiachia ramani, Johnstone ndiye aliyekuwa ameikalia, na amepiga magoti kwenye mchanga bila mtu kumwambia. Nilitegemea nikimkaribia nitakuta anajizuia kucheka, au ananikonyeza, wanawake wawili tunaowadanganya wanaume. Ningemsamehe mengi kama angenikonyeza.

"Kula basi," nikamnong'oneza. "Ni mambo ya kazi tu."

Akainua macho. Yalikuwa yamejaa machozi mpaka kwenye ukingo.

"Mama Nyakio," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hata Mama Nakiru hakuisikia, "unanipa ya kazi, ama unanipa kweli?"

Nikasimama na nyama mkononi. Mafuta yakanishuka kwenye kiwiko. Kila mtu mtoni alikuwa ananiangalia: wazee, mwenyekiti, DO, Mama Nakiru amefumba mikono kifuani. Ningesema ya kazi, asingekula. Nilimwona usoni kwamba asingekula. Msichana huyu, ambaye nilimwita mwizi njia nzima, alikuwa hajaiba chochote. Alikuwa amekaa tu kando ya kitu akikitamani, ameshika pembe zake kisipeperuke.

"Kula," nikasema.

"Umenipa?"

"Nimekupa. Kula, watu wanangoja."

Akafumba macho, akala kutoka mkononi mwangu. Alitafuna polepole, hakuacha hata kidogo. Vigelegele vikapasuka nyuma yangu. Mama Nakiru akanishika akaniinua kidogo kutoka chini, mzee vile alivyo. Yule mzee wa jicho moja akasimama, akaelekeza fimbo yake upande wa nyasi, akasema neno, na wazee wote wakalirudia, kundi baada ya kundi, mpaka DO akatoa kalamu mfukoni. Mwenyekiti aliondoka bila kuaga. Gari lake lilikwama kwenye mchanga na hakuna aliyekwenda kulisukuma.

Gathogo akanijia. Furaha imemjaa, mikono hajui aiweke wapi. "Mama Nyakio," akasema, "umeokoa mpango. Umeokoa hawa watu. Sina la kusema."

Nilikuwa bado na mafuta kwenye vidole. Nilitaka kumtania, ndivyo tulivyozoea kuzungumza mimi na yeye, nikasema, "Usinishukuru mimi. Nenda kamshukuru mke wako."

Akageuka kumtafuta. Aketch alikuwa amebaki palepale alipokula, hajainuka, akina mama wanampaka mafuta kwenye nywele, na alikuwa ameinua uso anamtazama Gathogo bila kuficha kitu, kama mtu ambaye sasa anaruhusiwa. Miezi yote ile Gathogo alikuwa anamnyooshea mkono nyuma bila kugeuka. Leo aligeuka.

"Baba Nyakio," nikamwita.

Nilimwita tena. Hakukuwa na upepo, na nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. Hakusikia.